Mkeka wa Mkono Mmoja

Kila wageni walipoondoka, mama alifumua. Alingoja kwanza gari lipite kona ya msikiti na vumbi litulie, kisha akauvuta ukili ubavuni pake, akatafuta pale walipoanzia kuchezea, akafumua chane moja baada ya nyingine mpaka akafika kwenye kazi yake mwenyewe. Akimaliza alilowesha vidole kwenye bakuli la maji, akazinyoosha zile chane zilizopindwa ovyo, na zilizovunjika akawatupia kuku, ambao nao hawakuzitaka.

Miaka mingi niliyatazama hayo bila kuyatia maanani, na wageni wenyewe nilikuwa nikiwaleta mimi. Kazi yangu ni kuwazungusha watu kutoka hoteli za Diani wakaone kamba zinavyosokotwa, katani inavyoparwa, vikapu vinavyosukwa. Siku hizi wapo wageni wasiotaka simba wala bahari. Wanataka kuona nyuzi. Kituo cha mwisho cha kila safari ni Msambweni, uani kwa mama yangu, msuka mikeka. Mgeni huketi jamvini, hupewa ukili ulioanzwa, huambiwa ajaribu. Hujaribu, hucheka, hupigwa picha, kisha hurudi kwao akiamini kwamba kuna mkeka pwani ya Kenya wenye shubiri yake ndani. Hakuna.

Kwa asiyejua, ukili ni ule utepe mwembamba wa ukindu uliochanwa chane, unaosukwa kwanza peke yake, mrefu, ukakunjwa duara kama ngata, na ukishatosha ndipo unaposhonwa ukingo kwa ukingo ukawa mkeka. Na kwetu ukili wa mkeka mmoja husukwa na mkono mmoja. Si mwiko wala uganga. Kila msukaji huvuta kwa nguvu zake. Huyu hukaza, yule hulegeza, na ukishona ukili wa watu wawili mkeka haulali chini. Kona moja hukaa imeinuka, na watu wa nyumba hujikwaa hapo mpaka mkeka uchakae. Kwa hiyo mama alikuwa hana budi kuwafumua wageni. Nilidhani basi hayo ndiyo yote ya kujua.

Nimechoka, na nataka niliseme hilo mapema. Si uchovu ule wa kulala ukaamka umepona. Huu umekaa kwenye taya kwa kutabasamu, na kwenye koo kwa kusema maneno yale yale. Pale Mwabungo, kwa mfano, kina mama hufukua makumbi ya nazi yaliyozikwa kwenye tope la pwani kwa miezi, wakayaponda kwa magongo mpaka ukatoka usumba wa kusokotea kamba. Makumbi yakitoka topeni hunuka vibaya sana. Wageni huziba pua, nami huwaambia kwamba hayo ndiyo manukato yetu ya kazini, nao hucheka. Mzaha huo nimeurudia mno, hata kina mama wa Mwabungo, wasiojua Kiingereza, wanajua ukifika. Huwaona midomo ikiwachezacheza kabla sijamaliza.

Ilikuwa kiangazi kilichopita, hoteli zimejaa, na mimi sikumbuki siku niliyokaa nyumbani nikanywa chai mpaka ikaisha kikombeni. Nilipewa kundi la wanawake peke yao, watu wazima, wote mafundi wa kufuma huko kwao. Mmoja wao alikuwa mrefu, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, mfugaji wa kondoo. Alikuwa akikata manyoya mwenyewe, akiyasokota mwenyewe, akifuma mwenyewe mablanketi. Yeye hakuuliza maswali mengi. Alitazama vidole vya watu tu, jinsi mwanamke wa sokoni anavyotazama mizani ya mwenzake.

Tuliwapeleka kwanza Samburu, hii ya kwetu Kwale, kwa wasuka vikapu. Ni mbali, na barabara ya kutokea Kinango inatikisa figo. Dereva wetu ni kijana wa bara, mwenye adabu zake lakini asiyejua kunyamaza. Njia nzima alinihurumia. "Mathe, wewe unafaa kuritaya," aliniambia. "Kazi ya kupiga domo ni noma kuliko ya jembe." Nilimwambia atazame barabara.

Wasuka vikapu wa Samburu, Waduruma na Wakamba pamoja, huketi kwenye baraza ya kanisa la mabati, malori ya barabara kuu yakinguruma karibu mpaka mazungumzo hukatika katikati. Hupara majani ya mkonge kwa ubao na kisu butu, huianika katani, kisha huisokota kwa kuibingirisha juu ya paja tupu. Mapaja yao hapo yamekuwa magumu na kung'aa. Mgeni mmoja aliomba apige picha ya paja. Kiongozi wao, mama mwenye nyuzi za katani kwenye kila kucha, aliniambia nimtafsirie hivi: apige, lakini naye akunje suruali aonyeshe la kwake.

Basi yule mfugaji wa kondoo ndiye aliyekunja suruali. Alikaa chini, akachukua katani, akasokota. Paja likawa jekundu kama la mtoto aliyechapwa, lakini uzi ukatoka, tena uzi wa haja. Kina mama walishangilia. Walimwuliza kwao anafanya kazi gani, nikawaambia anafuga kondoo kwa ajili ya manyoya.

"Manyoya tu?" aliuliza kiongozi. "Na nyama?"

Nikauliza. Mgeni akasema hawali kondoo wake, anawapenda.

Wote walimtazama kwa huruma, kama mtu aliyefiwa. Kisha mmoja akasema kwa Kiduruma maneno ambayo sikuyatafsiri.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Msambweni. Niliamka miguu imevimba. Nilivaa viatu vya wazi, nikajipaka tabasamu, nikaenda.

Mama alikuwa ametandika jamvi uani tangu asubuhi. Lazima nimweleze mama yangu vizuri, kwa sababu wageni humchukulia kuwa bibi mpole asiyesema, na hilo ni kosa. Mama anapenda haluwa kuliko afya yake, anasikiliza redio na kubishana nayo, na hapendi uongo hata ule mdogo unaosaidia biashara. Wageni hupenda kuuliza kama rangi za ukindu ni za magome na mizizi. Vituo vingine vyote hujibu ndiyo, nami hutafsiri ndiyo. Mama hulinyanyua kopo la rangi ya dukani akawaonyesha. "Waambie ya magome huchuja ikinusa maji," husema. Siku hiyo alilinyanyua pia, na wale wanawake walisikitika kidogo, kama kawaida.

"Shikamoo mama," nilimwambia.

"Marahaba. Umekonda. Hao wamekula?"

"Wamekula hotelini."

"Na wewe?"

Niliwageukia wageni. Nilianza maneno yangu: huu ni ukindu, hutoka huko Jego karibu na Vanga, hukatwa ungali mchanga, huanikwa mpaka uwe mweupe, huchanwa kwa sindano. Niliyasema nikiwa nafikiria kitanda. Kisha mama akauchukua ukili, ule wa siku zote, mweupe wenye mstari mmoja mwekundu katikati, akaanza kuwaonyesha jinsi chane zinavyopokezana.

Ukamponyoka.

Aliuokota, akaanza tena, ukamponyoka tena. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa havikutani. Alivitazama kama watoto waliokataa kutumwa dukani. "Vidole vyangu leo vimelala," alisema, akacheka.

Nilitafsiri, na nilitafsiri kama mzaha, kwa sauti ile ile ya manukato ya Mwabungo. Wageni wakacheka. Mimi pia nilicheka nao. Yule mfugaji wa kondoo hakucheka. Aliisogelea mikono ya mama, akaiangalia, akanitazama mimi.

Kisha yeye ndiye aliyepewa ukili. Alikosea mara ya kwanza, akajifumua mwenyewe bila kuambiwa, akaanza upya. Alikaa kitako pale jua likamhama mgongoni likaja usoni, wenzake wakainuka, wakanywa madafu, wakazunguka uani wakapiga kuku picha, yeye yumo tu. Dereva alianza kuchungulia langoni. "Mathe, tukichelewa tutapata jam pale Ukunda, utaniona mbaya." Mgeni alipoinua kichwa alikuwa amesuka shubiri nzima, imenyooka, mstari mwekundu haukuyumba. Mama aliupitisha ukili ule kwenye kiganja.

"Huyu ana mkono," alisema. Kwa mama hiyo ni sifa kubwa. Sijawahi kuambiwa mimi.

Walipoingia garini nilimwambia dereva aende nao, mimi nitabaki kwa mama, kama nilivyofanya mara nyingi. Ukweli ni kwamba siku hiyo hata ningetaka nisingeweza kupanda gari tena. Nililala jamvini chali, nikaweka mkono machoni, nikasikia gari likipita msikiti. Kisha nikasikia mama akihangaika. Alikuwa akivuta, akipumua kwa nguvu, akivuta. Nilipotazama nilimwona ameng'ata chane kwa meno.

"Njoo unifumulie," alisema.

Hakuwahi kuniambia hivyo. Nilikaa. "Mama, huo umesukwa vizuri. Umesema mwenyewe ana mkono."

"Ana mkono, si wangu."

"Sasa kuna ubaya gani? Uache tu. Si ukili wa maonyesho huo?"

Mama aliutoa ukili mdomoni. "Nani aliyekwambia ni wa maonyesho?"

"Miaka yote unawapa huo huo."

"Ni wako," alisema. "Mkeka wako wa harusi."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nina mjukuu anayekwenda madrasa. Mume wangu ameota mvi mpaka kwenye nyusi. "Mama, harusi ipi?"

Hakucheka. Na mimi nikaacha, kwa sababu nilikumbuka.

Kwetu binti akiolewa mama yake humsukia mkeka, kwa mkono wake, akatandikiwa siku ya kwanza chumbani. Wa kwangu ulikuwa tayari. Nilimwona mama akiusuka, mweupe wenye mstari mmoja mwekundu, na ulipomalizika ulikunjwa ukawekwa juu ya kabati. Harusi ikiwa imekaribia, baba akafariki ghafla. Katika zile mbio za mazishi ulitakiwa mkeka wa kutandika kwenye jeneza, na nyumbani hapakuwa na mwingine mpya. Ni mimi niliyepanda kitini nikaushusha. Hakuna aliyenilazimisha. Baba alikwenda nao, na sikuwahi kuuona tena. Niliolewa baadaye kimyakimya, tukatandika godoro, maisha yakaendelea. Wadogo zangu walipoolewa kila mmoja alisukiwa wake. Mimi sikuuliza.

"Hukudai," alisema mama. "Ungedai ningekuwa nimeumaliza zamani. Hukudai, ndiyo maana ulinikaa rohoni."

Nilimwuliza kwa nini basi aliwapa wageni mkeka wangu wauchezee. Alinijibu kama anayeeleza jambo la wazi.

"Mikeka ya kuuza ina wenyewe, ina haraka. Wakiharibu, mwenyewe atakuja juu. Wako ndio ungeweza kungoja."

Nilikasirika. Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikasirika juu ya mama, juu ya hoteli, juu ya yule mwanamke na kondoo wake asiowala, na zaidi juu ya kinywa changu. Msimu baada ya msimu nilikuwa nimepakia watu garini, nikawaleta mwenyewe, nikawaketisha mwenyewe, wakaurudisha nyuma mkeka wangu kwa shubiri, nami nikasimama pembeni nikiwasifu. Kila mama alipopata nafasi ya kusonga mbele, mimi nilikuwa langoni na kundi jingine. Nilitaka kulia lakini hata kulia nilikuwa sina nguvu nako. Nilichukua ukili nikafumua shubiri ya yule mgeni. Ilinichukua muda mrefu, kwa sababu alikuwa ameisuka vizuri.

Tulipokuwa tukila, nilimwuliza habari za vidole. Alijua kuna tatizo tangu mfungo uliopita. Alikuwa amekwenda hospitali, wakampa vidonge, wakamwambia ni viungo, ni umri, awe anavikanda kwa maji ya moto. Asubuhi vilikuwa haviwezi hata kubonyeza kitufe cha taa. Alikuwa hakuniambia kwa sababu, kwa maneno yake, kila akiniona nilikuwa na watu.

"Umebaki kiasi gani?" nilimwuliza.

Alinionyesha makunjo ya ukili kwenye kapu nyuma ya mlango. Yalikuwa mengi kuliko nilivyofikiri. Kilichobaki kilikuwa kidogo, mzunguko wa ukingoni tu. Lakini kidogo hicho kilikuwa hakina mikono.

Nilitaja mdogo wangu anayeishi Ukunda, ambaye husuka vizuri. Mama alitikisa kichwa. Nilimtaja jirani. Akanitazama tu.

"Utasuka wewe," alisema.

"Mama, mimi sijasuka tangu niko mtoto."

"Nilikufundisha mimi. Nilikushika vidole hivi, kabla hujaanza shule. Wadogo zako walifundishwa na bibi yenu, mkono wao ni wa bibi. Wako ni wangu. Umo humo, umezibwa na maneno mengi."

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akikitaka kwangu, na sikufurahi hata kidogo. Nilikuwa nataka kupumzika. Mtu akikaa miaka akiitafutia miguu yake mahali pa kuiweka, halafu akaambiwa sasa aanze kazi ya mikono, hashukuru. Nilisema nitajaribu mvua zikianza.

Mvua zilianza. Masika huku kwetu hoteli hupungua watu, na ukindu huwa laini, hauvunjiki. Mzigo mpya uliletwa kutoka Jego, umefungwa kwa gunia. Niliacha kupokea baadhi ya safari. Msimamizi wa hotelini aliniandikia kwenye simu akiuliza kama naumwa, nikajibu ndiyo, kwa kuwa sikujua namna ya kumweleza kwamba nasuka mkeka wangu wa harusi.

Tuliketi barazani, mvua ikipiga mabati, redio ikisema na mama akiijibu. Nilishika ukili pale alipoishia. Miaka yote nimewaeleza watu jinsi chane inavyopanda, inavyoshuka, inavyopokezana na mwenzake; nikiwa na Kiingereza mdomoni hujui kama sijui. Vidole vyangu vilikuwa kama vya mtu mwingine. Shubiri yangu ya kwanza ilipinda kama mkia wa nguruwe. Niliinuka kwenda kupika, na niliporudi nikakuta haipo.

Alinifumua.

Alikuwa amekaa na bakuli lake la maji, ananyoosha chane kwa viganja, maana vidole havikuwa vikishika, na meno yalikuwa yamesaidia. Uso wake ulikuwa ule ule niliouona kila gari lilipopita msikiti. Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Mimi niliyekuwa na haki ya kuingia jikoni kwake bila hodi, nimefumuliwa kama mtu wa Diani.

Ikawa hivyo. Nilisuka, alifumua. Wakati mwingine aliniwekea mkono wake juu ya wangu, ule mkono wenye joto la maji ya kukandia, akavuta nami. "Kaza. Si hivyo, umekaza kama anayefunga mbuzi." Nikilegeza, alisema, "Haya, sasa umekuwa mgeni." Nilimjibu vibaya mara moja, nikamwambia mkeka ni wangu na nikitaka uinuke kona utainuka. Siku nzima hakuijibu hata redio. Jioni alinipa haluwa aliyokuwa ameificha, tukaendelea.

Sikuwa nikisonga mbele. Kwa macho ya mtu mwingine sikuwa nimeongeza hata upana wa ukucha. Lakini shubiri zangu zilianza kunyooka. Siku moja mstari mwekundu ulikwenda sawa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mama aliupitisha kwenye kiganja mara mbili, mimi nikizuia pumzi. Akasema, "Karibu." Akafumua.

Nami nilianza kuona kitu kingine. Alikuwa akichelewa. Mwanzoni alinifumua nikiwa napika ugali. Kisha ikawa mpaka nimeosha vyombo. Kisha nikawa nakwenda kwangu, nikirudi kesho yake ndiyo kwanza anamalizia, na mdomo umechubuka pembeni kwa kung'ata. Nilijifanya sioni.

Mvua zilipoanza kupungua hoteli ilinibembeleza nichukue kundi dogo, mume na mke tu, waende Mwabungo. Nilikwenda. Nilisema maneno yangu, makumbi yakanuka, nikasema mzaha, wakacheka, kina mama wakatabasamu kabla sijamaliza. Siku iliyotangulia nilikuwa nimesuka shubiri ndefu kwa mama, ndefu kuliko zote, na njia nzima nilikuwa naifikiria. Niliwarudisha wageni mapema. Sikupita nyumbani.

Mama alikuwa barazani, redio imezimwa. Ukili ulikuwa juu ya jamvi mbele yake. Niliutazama kabla hata ya kumwamkia, na shubiri yangu ilikuwapo. Yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, haikuguswa.

Nilipiga magoti nikaishika. Nilisahau shikamoo, nilisahau miguu. "Mama! Umeiacha!"

Mikono yake ilikuwa ndani ya leso, imefungwa mapajani, na ndipo nilipotambua kwamba hakuitoa hata nilipofika.

"Sijaiacha," alisema. "Nimeshindwa kuifumua. Tangu asubuhi vimekataa kabisa. Hata meno nimejaribu."

Nilikaa chini. Nje mtu alipita akiendesha baiskeli yenye kengele, akatoa salamu, mama akamwitikia vizuri kana kwamba hakuna kitu. Niliiangalia ile shubiri. Ilikuwa nzuri. Kweli ilikuwa nzuri, na mtu yeyote niliyewahi kumleta hapa angeapa kwamba kazi ni moja. Nilitafuta pale yake ilipoishia na yangu ilipoanza. Nilipitisha kiganja kama alivyokuwa akipitisha yeye, mara moja, mara mbili. Mara ya pili nilipahisi. Pangu palikuwa pamekazwa zaidi, kidogo tu.

Mama alikuwa ananitazama usoni, hatazami ukili.

"Umepaona?" aliuliza.

Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa nimechoka, na mkeka ungeshonwa ukaisha, na kona ingeinuka kidogo, na nisingejali kujikwaa maisha yangu yote yaliyobaki.

"Nimepaona," nilisema.

"Haya," alisema mama, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia masika yote. "Sasa fumua mwenyewe."

Nilifumua chane moja baada ya nyingine mpaka nikafika kwenye kazi yake. Akalisogeza bakuli la maji karibu yangu kwa kiwiko, nikalowesha vidole, nikaanza tena.